Wajir na maskini wa daima

Mwaka 1965, Kenya ikiwa bado changa, serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika na namna utakavyoongoza mipango ya nchi. Mlikuwa na hoja moja humo ambayo kwa mtu aliyekaa Nairobi na hazina ndogo mkononi ilionekana ya busara kabisa: fedha za maendeleo zitangulie pale zitakapozaa upesi, yaani penye mvua ya kutosha, ardhi nzuri, reli na barabara, na wananchi walio tayari kupokea mabadiliko. Mavuno yakipatikana huko, wengine nao watagawiwa. Wajir, huko kaskazini mashariki, haikuwa na mvua wala reli, na barabara zake zilikuwa mchanga mtupu. Juu ya hayo ilikuwa katikati ya vita vya Shifta, uasi wa waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, chini ya hali ya hatari. Kwa hiyo ikaambiwa ingoje.

Ikangoja. Mji wa Wajir ulipata barabara yake ya kwanza ya lami baada ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013, nusu karne baada ya uhuru, ingawa uwanja wa ndege wa kijeshi palepale mjini ulikuwa na lami yake miaka mingi kabla. Mpaka leo utamsikia abiria anayepanda basi la Nairobi akisema anakwenda Kenya.

Naanza na waraka huo makusudi, kwa sababu swali la kama umaskini unaweza kuisha huwa halianzii hapo. Kwetu Wakristo huanzia Bethania, mezani, pale mwanamke alipommiminia Yesu marhamu ya thamani na watu wakanung'unika kwamba ingeuzwa dinari 300 wapewe maskini. Yesu akawajibu kwamba maskini watakuwa nao siku zote. Tangu hapo maneno hayo yamefanya kazi ambayo hayakutumwa. Ukizungumzia kodi, ardhi, mishahara au bajeti ya kaunti, kuna mtu atakayeyatoa mfukoni, na mazungumzo yatakuwa yameisha. Ikiwa Bwana mwenyewe amesema hawatakwisha, sisi ni nani tujisumbue? Tutoe sadaka, tuombe, tuendelee.

Lakini Yesu hakuwa akitabiri mwenendo wa uchumi. Alikuwa akiwakumbusha watu waliolelewa na Torati sehemu ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, nao waliujua mwendelezo wake kama Mswahili anayesikia nusu ya methali na kuimalizia mwenyewe. Aya ya 11 ya sura hiyo inasema maskini hawatakoma katika nchi, na papo hapo inatoa amri ya kufumbua mkono. Cha kushangaza zaidi ni aya ya 4, juu kidogo ya hiyo, inayosema kwamba kwao hapatakuwa na maskini. Msomaji wa haraka ataona mwandishi amejipinga. Msomaji mtulivu atatazama sheria inayozizunguka aya hizo mbili: kila mwaka wa saba madeni yafutwe. Sheria yenyewe inamjua vizuri mkopeshaji. Inamwonya yule atakayepiga hesabu kwamba mwaka wa saba umekaribia, kisha akamnyima ndugu yake mkopo. Walawi 25 inakwenda mbali zaidi: katika mwaka wa hamsini, shamba lililouzwa kwa shida lirudi kwa ukoo wake.

Sheria hizi zinachukulia kwamba watu wataanguka. Mvua itakosekana, mfugo utakufa, baba ataondoka mapema. Zinachokataza ni mtu kuanguka akabaki chini, na watoto wake wakazaliwa hapo hapo chini. Kuanguka na kubaki chini ni mambo mawili, na mjadala mwingi juu ya kumaliza umaskini huyachanganya. La kwanza sidhani kama litakwisha. La pili linafanywa na watu, mara nyingi kwa maandishi, na kilichofanywa na watu kinaweza kufumuliwa.

Wajir inaonyesha tofauti hiyo waziwazi kuliko mahali pengi ninapopafahamu. Chukua familia yenye mbuzi themanini na ngamia wachache upande wa Eldas au Wajir Kusini. Mwaka wa mvua hao si maskini, hata kama hawana kitanda wala umeme. Wana maziwa, wana nyama ya wageni, wana mahari ya vijana. Mbuzi kwao hauzwi ili mtu atajirike. Huuzwa ili zinunuliwe unga, sukari, mafuta na majani ya chai. Sasa mvua ikikosa msimu mmoja, wanahama na kustahimili. Ikikosa miwili, wafugaji wote wa eneo wanapeleka wanyama sokoni wiki ileile, wanyama wenyewe mbavu zimetoka, na bei inaporomoka. Unga nao unapanda, maana lori linasafiri mbali na mahindi yamepungua kila mahali. Mbuzi mmoja aliyekuwa akileta unga wa wiki kadhaa sasa analeta wa siku chache. Kwa hiyo familia inauza wengi zaidi, kwa hasara zaidi, na mwishowe inafikia majike, ambao ndio mtaji wenyewe.

Kuanzia mwishoni mwa 2020, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Katika maeneo kame ya Kenya walikufa mifugo zaidi ya milioni mbili. Dunia nzima iliona picha ya Desemba 2021 kutoka hifadhi ya Sabuli, Wajir: mizoga ya twiga sita imelazwa mchangani kama duara, inavyoonekana kutoka angani. Twiga hao walikuwa wamenasa kwenye tope la bwawa lililokaribia kukauka, wakafa, wakavutwa nje ili wasichafue maji kidogo yaliyosalia. Mwenye kufikiri umaskini huletwa na uvivu angeitazama picha hiyo kwa muda kidogo.

Mvua iliporudi, majani yalirudi upesi. Wanyama hawarudi upesi. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, ngamia zaidi ya mwaka, na ndama wake huchukua miaka kabla ya kuzaa. Familia iliyobakiwa na mbuzi wanne haiwezi kula na wakati huohuo ikaacha kundi likue; inakula kundi. Ndipo inapohamia pembezoni mwa mji, kwenye mtaa unaoitwa bulla, baba akiendesha mkokoteni wa punda kuuza maji, mama akiuza kuni au kufua nguo za watu. Watoto hawatarithi mifugo, na shule iliyo karibu yawezekana haina walimu wa kutosha. Hapo mwanguko umegeuka makao.

Mtu atauliza, jamaa na majirani wako wapi? Wapo, na si haba. Wafugaji wa Kisomali wana desturi ya kumpa ndugu aliyepungukiwa mnyama wa maziwa amkamue mpaka hali itengemae, na jamaa huchangiana kumwinua aliyepatwa na msiba. Juu ya desturi kuna zaka, ambayo kwa mifugo ina hesabu zake: mwenye ngamia watano wanaojilisha malishoni anatoa mbuzi au kondoo mmoja, mwenye mbuzi au kondoo arobaini anatoa mmoja, mwenye ng'ombe thelathini anatoa ndama wa mwaka mmoja. Aliye chini ya hapo hadaiwi kitu. Karne nyingi kabla ya Benki ya Dunia kuchora mstari wake wa umaskini kwa dola, mfugaji wa jangwani alikuwa na mstari wake kwa wanyama, na Mkristo anayedhani huruma iligunduliwa kanisani ana la kujifunza hapo.

Utaratibu huo unafanya kazi nzuri sana pale anayeanguka ni mmoja. Fisi wameingia kwenye boma lako, langu liko salama, nakupa wawili. Ukame hauchagui boma. Wote wanashuka chini ya arobaini mwaka uleule, na mtoaji wa jana ndiye mwenye njaa wa leo. Sadaka ya jirani kwa jirani hukatika wakati ambapo inahitajika mno, si kwa sababu mioyo imekuwa migumu bali kwa sababu hesabu haitoshi. Dawa pekee ni kuwaunganisha watu wa Wajir na watu wa mbali ambao mwaka huo mvua yao ilinyesha. Nchi yenye kodi na bajeti moja ina faida gani nyingine, kama si hiyo?

Hapa nafikiri mahubiri mengi tunayoyasikia hukwama. Yanamjua mtoaji na mpokeaji, yanajua kikapu cha sadaka, magunia ya unga na picha ya makabidhiano. Mahali ambapo mvua ya mmoja inakutana na ukame wa mwingine, yaani sheria, bima na bajeti, yanapaita siasa na kupapita kando.

Na mambo hayo yanafanyika kweli, kwa kiwango kidogo. Mwaka 2013 ilianzishwa Wajir bima ya mifugo iliyofuata taratibu za takaful, yaani bima ya Kiislamu ya kusaidiana, na Machi 2014 wafugaji wa kwanza wakalipwa. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, watu hulipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Mwaka uliofuata, 2015, serikali ilianza mpango wake wa bima kwa kulipia michango ya familia zisizojiweza, ikitangulia Wajir na Turkana. Kuna pia mpango wa fedha za kujikimu ulioanza 2009 katika kaunti za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, ambao kwa miaka mingi umelipa shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili. Fedha hizo hazimtoi mtu katika umaskini, na malipo yamewahi kuchelewa mno. Lakini mwenye duka akijua zinakuja, atamwandikia mama deni la unga, na mama hatamuuza jike wa mwisho kwa bei ya kutupa. Mtu amezuiwa kufika chini kabisa. Ni kazi isiyo na mvuto wa picha, na nadhani ndiyo kazi yenyewe.

Hata hivyo, mvua na bei hazielezi kila kitu. Februari 1984, askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji wala chakula na kuwaua wengi wao. Nyumba za mtaa wa Bulla Jogoo zilichomwa. Serikali ilitaja vifo 57. Walionusurika wametaja maelfu. Wajane waliobaki bila waume, bila wanyama na bila nyumba hawakuwa maskini wa ukame. Umaskini wao una tarehe na una ofisi ulikotoka. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa rais Mei 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa wa dhuluma za zamani nchini, na miaka mingi baadaye waathiriwa walikuwa bado wanaiulizia.

Mkristo anayefahamika zaidi katika historia ya Wajir alikuwepo siku zile. Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943, akasomea sheria, akafika Kenya 1969 na kuingia Wajir mwaka uliofuata. Hakuwa mtawa wa shirika lolote. Kwa watu wa Wajir alikuwa kioja: mwanamke kijana, Mzungu, Mkristo, na tena hana mume wala mtoto. Aliishi kwa vitu vichache sana, na hakuja kubatiza mtu.

Alichokuta ni TB. Wakati ule matibabu yalichukua mwaka mzima na zaidi, yakiwa na sindano nyingi, na mfugaji aliyeona kikohozi kimepoa alifuata mvua na wanyama wake. Dawa ikiachwa katikati, vijidudu vinaizoea. Kwa hiyo palikuwa na hoja, nayo ya kitaalamu, kwamba wahamaji hawatibiki. Ugonjwa wenyewe ulikuwa aibu, na wapo waliokana kuwa nao mpaka wakafa. Kuanzia 1976 Tonelli alisimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya wafugaji, akitumia dawa mpya zilizofupisha tiba kuwa miezi sita. Pembezoni mwa mji kukawa na manyatta ya TB. Mgonjwa alikuja na jamaa yake, wakajenga kibanda chao cha miti na mikeka kama wanavyojenga malishoni, jamaa akapika, na kila siku mgonjwa alimeza vidonge huku mhudumu akimwona. Miezi sita ikiisha, kibanda kinafunguliwa, ngamia anapakiwa, mtu anaondoka amepona. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilipoanza kuhimiza nchi zote zitibu TB kwa mgonjwa kumeza dawa mbele ya shahidi, Wajir ilikuwa na uzoefu huo kwa karibu miongo miwili.

Watu hupenda kumsimulia Tonelli kama mtakatifu wa huruma. Mimi kinachonivutia ni mambo mawili ambayo hayakai vizuri kwenye kadi ya maombi. La kwanza, aliutaka umaskini kwa nafsi yake lakini hakumhubiria mgonjwa hata mmoja kwamba umaskini ni heri. Wanaochagua kumiliki kidogo wana mlango wa kutokea, na Mtaliano mwenye shahada ya sheria anaweza kurudi kwao Jumatatu. Mama wa Bulla Jogoo hana mlango huo. Kanisa limekosea mara nyingi kwa kuchukua sifa za umaskini wa hiari na kumvisha asiyechagua. Tonelli hakulichanganya hilo: yeye alilala chini, mgonjwa akapewa dawa bora iliyokuwepo. Wala hakuukubali ule ushauri kwamba jambo haliwezekani. Aliubadilisha utaratibu umfuate mhamaji, badala ya kumlaumu mhamaji kwa kutofuata utaratibu.

La pili ni Wagalla. Alitoka kuokota majeruhi na maiti waliotupwa porini, akasaidia kukusanya majina, na habari na picha zikafika kwa wanadiplomasia Nairobi. Alikuwa ametibu watu kwa takriban miaka 15 bila serikali kumtaka aondoke. Mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya. Kazi yake akaihamishia Somalia, baadaye Borama katika Somaliland. Mwaka 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kazi ya wakimbizi, na Oktoba 5 mwaka huohuo alipigwa risasi Borama akafa hospitalini pake. Mwenye kutoa dawa alivumiliwa. Mwenye kuhesabu waliouawa hakuvumiliwa. Hapo ndipo mpaka kati ya sadaka na haki ulipo, na yeye aliuvuka bila kutoa hotuba.

Mwaka 1970, Tonelli alipokuwa akianza maisha Wajir, Julius Nyerere, Mkatoliki wa misa za kila siku, aliwahutubia masista wa Maryknoll huko New York. Hoja yake ilikuwa kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga miundo inayowaweka watu katika umaskini, litahesabiwa upande wa miundo hiyo. Nyerere alikuwa na makosa yake ya uchumi, na Watanzania waliohamishiwa vijijini wanayajua. Hoja hiyo sioni mahali pa kuitoboa.

Wakristo wa Wajir leo ni wachache, na wengi ni watu wa mshahara: walimu, wauguzi, askari, makarani waliotoka bara. Wao na wenzao wa kaunti jirani wamelipa kwa damu. Novemba 2014 abiria 28 waliuawa na magaidi kwenye basi lililotoka Mandera, Aprili 2015 watu 148 wakauawa Chuo Kikuu cha Garissa, na walimu wengi wakaomba uhamisho, jambo lililowaacha watoto maskini wa Kiislamu bila masomo. Desemba 2015 Waislamu ndani ya basi lililoshambuliwa karibu na El Wak walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafa mwezi uliofuata. Hali hii inageuza mafundisho yetu kichwa chini. Katika parokia nyingi za Kenya maskini ni muumini mwenzetu, anayekaa benchi la nyuma. Wajir mwenye mshahara ndiye Mkristo, na maskini ni jirani anayeswali msikitini, hana mpango wa kubatizwa, na hatatoa zaka kanisani kamwe. Ukimpenda huyo, hakuna idadi itakayoongezeka kwenye daftari la padri.

Hapo pia injili ya mafanikio inakosa pa kusimama. Mhubiri wa Nairobi anayesema umaskini ni laana, na kwamba mbegu ya shilingi elfu kumi itaivunja, aje aeleze misimu mitano ya mvua iliyokosa, au Waraka Nambari 10. Laana ya nani?

Sasa, je, unaweza kuisha? Ufukara wa kupindukia duniani ulishuka kutoka zaidi ya theluthi moja ya watu mwaka 1990 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 2019, kwa hiyo wanaosema haupungui wanakosea. Nchini Kenya, takwimu za 2015/16 ziliweka umaskini kuwa asilimia 36.1 kitaifa, na Wajir zaidi ya watu sita kati ya kumi. Mwaka 2022 kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 39.8. Pengo lile kati ya Wajir na taifa ndilo linaloniambia mengi. Ukame peke yake haulielezi, maana kuna nchi kame zaidi ya Wajir zenye watu matajiri. Linaelezwa na miongo ya barabara zisizojengwa, shule zisizofunguliwa na mifugo isiyo na soko, na vyote hivyo hupimwa kwa shilingi.

Katiba ya 2010 ilikiri hivyo. Ibara ya 204 iliunda Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, Wajir ikiwa mojawapo ya kaunti 14 zilizotajwa mwanzoni. Ni Walawi 25 kwa lugha ya mawakili, ikiwa na miaka 20 badala ya 50. Fedha zilichelewa, taratibu zake zikafikishwa mahakamani, na sehemu kubwa ya muda ule imepita. Ibara hiyo inakoma Agosti 2030, mwaka uleule ambao Umoja wa Mataifa ulijiwekea kumaliza umaskini. Inaweza kuongezewa muda, lakini kwa sheria itakayoungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Kaunti nyingi zinazotakiwa kupiga kura hiyo ni za penye mvua, na wabunge wao wengi huonekana kanisani kila Jumapili.